Pendekezo la Utafiti wa Uzamili: Namna ya Kuliandika Hadi Lipite

Pendekezo la utafiti husomwa na watu wachache wenye haraka: msimamizi wako, msomaji mwingine anayeteuliwa na idara, na jopo la utetezi. Wote wanatafuta majibu ya maswali yaleyale. Unataka kujua nini? Kwa nini jambo hilo halijajulikana mpaka sasa? Utalijuaje? Na je, utamaliza kwa muda na fedha ulizonazo? Ukurasa usiosaidia kujibu mojawapo ya maswali hayo ni mzigo, hata kama umeandikwa kwa Kiswahili cha kupendeza.

Mapendekezo mengi yanayorudishwa hayarudishwi kwa sababu ya lugha mbovu wala marejeleo machache. Yanarudishwa kwa sababu sehemu zake hazisikilizani: tatizo linasema hili, malengo yanauliza lile, na mbinu zinakusanya data ya jambo la tatu kabisa. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata pendekezo moja la mfano, kutoka mada hadi utetezi. Mfano wenyewe ni wa isimu ya Kiswahili, kwa kuwa huko ndiko pendekezo huandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Anayesoma elimu, historia au maendeleo ya jamii atabadilisha nyama. Mifupa ni ileile.

Kubana mada

Mwanafunzi huja kwa msimamizi na kitu kama "Lugha ya vijana wa mjini". Hiyo bado ni eneo, haijawa mada. Ibane kwa maswali manne yanayofuatana: ni kipengele gani cha lugha, cha nani hasa, wapi, na unakitazama kwa upande gani? Lugha ya vijana itapungua iwe msamiati wa mafundi, halafu msamiati wa mafundi simu, na mwishowe "Mbinu za Uundaji wa Msamiati wa Mafundi Simu wa Kariakoo, Dar es Salaam". Kichwa kikipita maneno 20, kuna jambo bado hujaliamua. Ondoa pia "Uchunguzi kuhusu" mwanzoni mwa kichwa. Kila pendekezo ni uchunguzi, msomaji analijua hilo.

Kabla hujaipenda mada yako, ijaribu. Je, unaweza kumfikia mtu wa kwanza wa kukupa data ndani ya wiki moja tangu upate kibali? Kama unahitaji kumsubiri mkurugenzi wa shirika au nyaraka za siri, badilisha. Je, umepata angalau kazi tano au sita zinazokaribiana na mada? Ukikosa kabisa, mara nyingi tatizo ni maneno unayotafutia. Na ukikuta tasnifu iliyofanya jambo hilohilo, badilisha swali, usibadilishe wilaya tu. Kuhamisha utafiti wa Temeke kwenda Kinondoni hakuufanyi kuwa mpya, isipokuwa uweze kueleza ni kitu gani cha Kinondoni kinachotarajiwa kubadili jibu.

Jedwali kabla ya sura ya kwanza

Watu wengi hufungua kompyuta na kuanza na "1.1 Utangulizi". Baada ya mwezi wana kurasa kumi na mbili za usuli na hawajui wanatafuta nini. Anza na karatasi moja iliyolazwa, uigawe safu tano: lengo mahususi, swali lake, data inayohitajika, data hiyo itapatikana kwa nani na kwa zana gani, na itachanganuliwaje.

Kwa mada yetu, mstari wa kwanza una lengo la kubainisha msamiati wa vifaa, hitilafu na kazi unaotumiwa na mafundi simu wa Kariakoo. Data ni maneno yakiwa katika matumizi. Zana ni ushuhudiaji kwenye meza za mafundi. Uchanganuzi ni kuyapanga kwa makundi ya maana. Mstari wa pili: kuchanganua mbinu zilizounda msamiati huo. Data ni maneno yaleyale pamoja na asili yake, na uchanganuzi ni kuyaainisha kwa utohoaji (kulipa neno la kigeni umbo la Kiswahili), upanuzi wa maana, uambatanishaji (kuunganisha maneno mawili kuwa moja), ufupishaji na kadhalika. Mstari wa tatu: kueleza sababu zinazomfanya fundi achague neno moja mahali ambapo yapo mawili yenye maana moja.

Tua kidogo kwenye huo mstari wa tatu. Sababu za mtu kuchagua neno huwezi kuziona kwa macho, hata ukae kwenye meza yake wiki nzima. Unahitaji maelezo yake mwenyewe, yaani usaili. Hapa ndipo wengi huanguka: lengo linauliza "kwa nini" halafu zana ni dodoso la ndiyo na hapana. Jedwali huyafichua makosa kama hayo siku ya kwanza, wakati kuyarekebisha ni kufuta mstari mmoja. Kisanduku kikibaki kitupu, lengo hilo liondoke. Zana isiyohudumia mstari wowote iondoke pia, hata kama umeiona katika kila tasnifu uliyosoma.

Mpelekee msimamizi jedwali hili kwanza. Atalisoma kwa dakika kumi. Kurasa thelathini zitakaa mezani kwake mwezi.

Tamko la tatizo

Hii ni sehemu fupi kuliko zote, aya mbili hadi tatu, nusu ukurasa hadi ukurasa mmoja, na ndiyo inayoamua mambo. Tazama tamko lililo dhaifu:

"Tafiti nyingi zimefanyika kuhusu uundaji wa istilahi za Kiswahili. Hata hivyo, hakuna utafiti uliofanyika kuhusu mafundi simu wa Kariakoo. Hivyo utafiti huu unakusudia kuziba pengo hilo."

Kukosekana kwa utafiti peke yake si tatizo. Hakuna aliyetafiti rangi za viti vya mafundi hao pia, na hakuna anayeumia. Jopo litauliza: pengo hilo likibaki wazi, nani anapata hasara gani? Tena neno "hakuna" ni la hatari. Mjumbe mmoja akitoa tasnifu moja tu inayokaribia, tamko lote limeporomoka. Salama zaidi ni kusema tafiti ulizozisoma zimejikita wapi na zimeacha swali lipi.

Sasa tazama lililo imara. Penye mabano ya mraba utataja kazi ulizosoma mwenyewe:

"Istilahi za vifaa vya kielektroniki hutungwa na vyombo vya usanifishaji na kusambazwa kwa orodha na kamusi [kazi]. Mafundi simu, ambao hutaja vifaa hivyo kutwa nzima, wana msamiati wao ambao mara nyingi haufanani na orodha hizo. Tafiti zilizopo zimechunguza zaidi istilahi zilizotungwa rasmi na kiwango cha kukubalika kwake [kazi]; hazijaeleza wanataaluma wa mtaani huunda maneno yao kwa mbinu zipi na hupendelea neno lipi kwa sababu gani. Bila maelezo hayo, watunga istilahi wataendelea kutunga pasipo kujua watumiaji tayari wana nini mkononi. Utafiti huu unachunguza mbinu na sababu hizo miongoni mwa mafundi simu wa Kariakoo."

Hesabu kazi ya kila sentensi: hali ilivyo, mgongano, kilichofanywa na kilichoachwa, hasara ya kutojua, na utafiti utafanya nini. Ukiziandika sentensi tano za namna hiyo, umemaliza robo ya pendekezo.

Usuli unaotangulia tamko hili kazi yake ni kumfikisha msomaji hapo, basi. Kurasa mbili au tatu zinatosha: kazi ya usanifishaji tangu BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ilipoundwa mwaka 1967, kuenea kwa simu za mkononi, na nafasi ya fundi kati ya kifaa na mteja. Usuli wa mada hii hauna haja ya kuanzia kwa Wabantu wala kwa Sayyid Said. Historia nzima ya Kiswahili imewekwa kwenye mapendekezo mengi kwa sababu moja tu: ni rahisi kuipata.

Malengo na maswali

Lengo kuu moja, malengo mahususi matatu. Manne yanawezekana, matano kwa tasnifu ya uzamili ni kujitakia shida, kwani kila lengo litadai sehemu yake ya data, sehemu yake ya uchanganuzi na sehemu yake ya matokeo. Tumia vitenzi ambavyo mtu anaweza kukagua kama vimetimia: kubainisha, kuainisha, kuchanganua, kulinganisha, kueleza, kutathmini. "Kujua" na "kuelewa" havikaguliki. "Kuboresha" na "kukuza" ni ahadi za mradi wa maendeleo, na tasnifu yako haitaweza kuzitimiza.

Kila lengo liwe na swali lake, kwa mpangilio uleule. Nadharia tete, yaani kauli ya awali unayokwenda kuithibitisha au kuikanusha, weka tu kama una vigeu (mambo yanayobadilika) unavyovipima kwa takwimu. Umuhimu wa utafiti andika aya moja, na mtaje mnufaika kwa kazi yake: mtunga kamusi atapata orodha ya maneno yenye muktadha, mkufunzi wa chuo cha ufundi stadi atajua mwanagenzi anakuja darasani na maneno gani. "Utafiti utalinufaisha taifa kwa ujumla" ni sentensi ya kufuta.

Mapitio ya kazi tangulizi

Tafuta kwa lugha zaidi ya moja na kwa istilahi zaidi ya moja. Jambo hilohilo linaweza kuandikwa uundaji wa istilahi, uundaji wa maneno, uundaji wa msamiati au ukuzaji wa istilahi. Kwenye Google, weka maneno ndani ya alama za mtajo na uongeze kikomo cha mahali: "uundaji wa istilahi" site:ac.tz filetype:pdf. Badilisha iwe ac.ke upate za Kenya. Hazina za tasnifu za Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, Chuo Kikuu cha Nairobi na Kenyatta zina kazi nyingi za Kiswahili zinazosomeka bure. Majarida matatu, "Kiswahili", "Mulika" na "Kioo cha Lugha", yote ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hayaepukiki katika fani hii, na Swahili Forum liko mtandaoni bila malipo. Kila unachopakua kiingize Zotero siku hiyohiyo. Ni programu ya bure na itakuandikia orodha ya marejeleo kwa mtindo wowote idara itakaotaka.

Kosa kubwa la sehemu hii ni orodha ya majina: Fulani (2009) alichunguza hiki, Fulani (2014) alichunguza kile, kila mmoja na aya yake, na kila aya inaishia "kazi hii ni muhimu kwa utafiti huu." Panga kwa hoja. Kwa mada yetu zinatosha hoja tatu: mbinu za uundaji zilizokwisha kuelezwa, mivutano kati ya istilahi rasmi na za watumiaji, na tafiti za lugha ya makundi ya kazi. Ndani ya kila hoja waandishi wagombane au wakubaliane, kisha wewe useme nani amekuachia nini. Dokezo dogo la kujipima: funika majina yote ya waandishi kwenye ukurasa. Kama kilichobaki hakina mtiririko, umeandika orodha.

Nadharia si pambo

Nadharia nyingi huingizwa kwenye pendekezo, hupewa mwasisi, mwaka na mihimili mitano, halafu hazionekani tena hadi utetezi. Ichague kwa kuuliza itakufanya uone nini katika data.

Chukua mada yetu. Eugen Wüster, mhandisi wa Austria, ndiye anayehusishwa na Nadharia ya Jumla ya Istilahi, ambayo msimamo wake ni dhana moja kwa istilahi moja. Inawafaa watu wanaosanifisha. Ukiwaendea mafundi nayo, kila mahali penye majina mawili ya kifaa kimoja utaona kasoro, na lengo lako la tatu litakufa, kwa sababu linauliza hasa kwa nini majina hayo mawili yapo. Nadharia ya Kimawasiliano ya Istilahi ya Maria Teresa Cabré iliibuka baadaye kwa kuupinga msimamo huo: istilahi huzaliwa na kuishi katika mawasiliano, na kubadilika kwake kwa kutegemea anayeongea na anayeongeleshwa ni jambo la kawaida. Kwa nadharia hii, fundi kutumia neno moja kwa mteja na jingine kwa fundi mwenzake inageuka kuwa data.

Andika hivyo hivyo kwenye pendekezo: nadharia gani, mihimili miwili au mitatu utakayoitumia kweli, na kila mmoja utatumika kwa lengo lipi. Sema pia nadharia uliyoiacha na sababu. Aya hiyo ya mwisho huwafurahisha wajumbe wa jopo kuliko kurasa tatu za historia ya mwasisi.

Mbinu

Hapa pendekezo linapimwa kwa kipimo kimoja: mwanafunzi mwingine akilichukua, aweze kwenda uwanjani kesho na kufanya ulichokusudia. "Mtafiti atatumia mbinu ya usaili, ushuhudiaji na dodoso" haimwezeshi mtu kufanya lolote.

Anza na sampuli, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa zaidi. Fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli imezoeleka mno: n = N/(1 + Ne²), ambapo N ni idadi ya watu wote na e ni kiwango cha kosa kinachovumilika. Kwa shule yenye wanafunzi 1,200 na e ya 0.05, unapata 1,200/(1 + 3), yaani 300. Kwa wanafunzi 400 unapata 200. Fomula hii inataka mambo mawili: ujue N kwa hakika, na uchague watu kwa bahati nasibu kutoka orodha kamili. Mafundi simu wa Kariakoo hawana rejista; wengine wana fremu, wengine wana meza barazani, na idadi hubadilika. Kubuni N ili fomula ikubali ni udanganyifu, na wajumbe huugundua kwa swali moja: "Hiyo idadi umeitoa wapi?" Isitoshe, utafiti unaotafuta maneno na sababu zake hauhitaji watu 300.

Hivyo sema: watafitiwa 12 watachaguliwa kwa makusudi. Taja vigezo. Awe na miaka isiyopungua mitatu katika kazi. Awe anatengeneza kwa mkono wake, si muuza makava na chaji. Sita wawe wa vifaa, yaani vioo, betri, mikrofoni na sistimu chaji, na sita wa programu, wanaoflashi na kufungua simu, kwa kuwa makundi haya mawili hayatumii msamiati mmoja. Watatu wa kwanza utawapata kwa kupita mwenyewe, waliobaki kwa kuelekezwa na wenzao, lakini usichukue zaidi ya wawili kwa maelekezo ya mtu mmoja, la sivyo utapata wanafunzi wa fundi mmoja wanaoongea kama yeye. Ikiwa wasailiwa watatu wa mwisho bado wanatoa maneno mapya, ongeza watu.

Ushuhudiaji nao uupe vipimo: siku tano, saa tatu kila siku, kwenye meza tofauti. Ambatisha fomu yenye safu za neno, msemaji kwa namba, anayeambiwa, sentensi kamili na kitu kinachotajwa. Onyesha mstari mmoja uliojazwa: neno ni "kioo", msemaji F04, anamwambia mteja, sentensi "Kioo kimekufa lakini tachi inafanya kazi", kinachotajwa ni sehemu inayotoa picha, si ile inayoguswa. Mstari huo mmoja tayari una matunda. Neno la zamani limepanuliwa maana, neno la mkopo limesimama kando yake kutofautisha tabaka la pili la kitu kilekile, na kitenzi "kufa" kimetumika kwa hitilafu. Jopo likiona mfano wa namna hiyo linaelewa kwamba unajua unachokwenda kutafuta.

Ongeza zana moja ya bei nafuu: kisanduku cha vipuri kumi na viwili vibovu, au picha zake. Mwonyeshe fundi kimoja kimoja na umwulize maswali mawili, "Hiki mnakiitaje nyinyi?" na "Mteja unamwambia nini?" Vitu vilevile kwa watu wote 12 vitakupa majibu yanayolinganishika, jambo ambalo mazungumzo ya kawaida hayawezi kukupa.

Maswali ya usaili yasizidi kumi na yawe ya kufungua mdomo. "Je, unatumia maneno ya Kiingereza katika kazi yako?" litakupa "ndiyo" na kimya. "Mara ya mwisho kumfundisha kijana mpya, ulimwelezaje kazi ya kubadilisha sistimu chaji?" litakupa dakika tano za maneno unayoyatafuta. Zijaribu zana kwa mafundi wawili nje ya Kariakoo, tuseme Mwenge, na useme kwenye pendekezo kwamba data yao haitahesabiwa.

Piga hesabu ya unukuzi mapema. Saili 12 za dakika 40 ni saa 8 za sauti. Saa moja ya sauti yenye kelele za barabarani huchukua kama saa 5 kuiandika, hivyo una saa 40 za kukaa na spika masikioni kabla ya uchanganuzi wowote. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola kitakupunguzia mateso hayo kuliko simu ya gharama iliyowekwa mezani karibu na feni.

Uchanganuzi nao ueleze kwa hatua. "Data itachanganuliwa kwa mkabala wa kimaelezo" ni maneno matupu. Sema kila neno litaingizwa kwenye jedwali la Excel na safu za maana, asili, mbinu ya uundaji na anayeambiwa. Kwamba neno lenye mbinu mbili litahesabiwa wapi. Kwamba mtu wa pili mwenye taaluma ya isimu ataainisha maneno 20 bila kuona uainishaji wako, na mtakapotofautiana mtajadili. Na kwamba nukuu za usaili zitapangwa kwa sababu zinazojitokeza, kisha zipimwe kwa mihimili ya nadharia.

Maadili na vibali

Wajumbe huruka sehemu hii ikiwa na sentensi za kunakili, na huisoma kwa makini ikiwa na jambo mahususi. Katika mada hii lipo. Kubadili IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu, ni kosa kisheria Tanzania, na huenda ukasikia maneno ya kazi hiyo. Mgeni mwenye daftari na kinasa sauti atadhaniwa pia kuwa mtu wa kodi au askari. Eleza basi: utajitambulisha kwa barua na kitambulisho, hutauliza simu imetoka wapi, hutarekodi mteja bila ridhaa yake, na majina yatageuzwa namba tangu kwenye daftari, si baada ya kurudi nyumbani. Sauti ya mtu pamoja na jina lake ni taarifa binafsi. Tanzania ina sheria ya kuzilinda ya mwaka 2022 na Kenya ya mwaka 2019. Taja utakapozihifadhi na lini utazifuta.

Fundi hulipwa kwa kazi, kwa hiyo dakika 40 za usaili ni fedha yake. Amua mapema kama utamfidia, kiasi gani, na uandike. Fidia ya siri ndiyo huleta maswali.

Kuhusu vibali, Tanzania Bara mwanafunzi hupewa barua na chuo chake, ambayo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, katani na mtaani. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, hushughulikia hasa watafiti wa kutoka nje ya nchi, na tafiti za afya hupitia kamati za maadili, ikiwemo ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Zanzibar ina ofisi na utaratibu wake, hivyo barua za Bara pekee hazitoshi. Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, inayoombwa mtandaoni, pamoja na idhini ya kamati ya maadili. Uganda mwenye jukumu hilo ni UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia.

Ratiba, bajeti na lugha

Kwenye ratiba kipe kibali mwezi mzima, na usikusanye data Kariakoo mwezi wa Desemba. Hakuna fundi atakayekuwa na nafasi ya kuongea nawe. Bajeti iwe na hesabu inayoonekana: siku 10 za nauli kwa kiasi gani, fidia kwa watu 12, fomu 60 za kurasa 2 kwa shilingi 100 ukurasa ni 12,000. Jumla isiyo na vijumla haimshawishi mtu.

Pendekezo huandikwa kwa wakati ujao: utafiti utatumia, watafitiwa watachaguliwa. Baada ya uwandani sura hizohizo huingia kwenye tasnifu, na kila -ta- lazima igeuke -li-. Tasnifu nyingi hufika kwa mtahini zikiwa na "data itakusanywa" wakati matokeo yapo kurasa ishirini mbele. Chagua pia istilahi moja na uishikilie: ama dodoso ama hojaji, ama usaili ama mahojiano. Ukizichanganya, msomaji atadhani ni zana mbili.

Urefu, pambizo na mtindo wa marejeleo fuata mwongozo wa idara neno kwa neno, hata kama mwongozo wa chuo jirani unakupendeza. Tumia mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya Word ili yaliyomo yajitengeneze. Programu ya kukagua wizi wa kitaaluma ikikuonyesha asilimia kubwa, usibadilishe neno moja moja kwa visawe. Funga chanzo, andika hoja kwa kumbukumbu yako, kisha rudi kuhakiki na kutaja.

Utetezi

Kwa kawaida una dakika 10 hadi 15. Nusu ya muda huo itumike kwa tatizo na mbinu. Usuli dakika moja. Slaidi zisizidi kumi, na jedwali lako la safu tano liwe mojawapo. Maswali yanayorudi kila mara ni haya: kwa nini hapa na si pengine, kwa nini nadharia hii, sampuli umeipataje, na kipya ni nini. Majibu yake yawe tayari kwa sentensi mbili mbili. Ukiulizwa usilolijua, liandike na useme utalifanyia kazi. Kubishana na mjumbe kuhusu jambo ambalo hujalisoma hurefusha kikao bila faida. Mwombe mwenzako aandike maoni yote, kwa sababu wewe hutasikia nusu yake.

Baada ya hapo tengeneza jedwali la marekebisho: maoni ya jopo, ulichofanya, na ukurasa. Maoni usiyoyakubali yajibu kwa sababu na uyamalize na msimamizi kabla ya kuwasilisha. Nakala iliyorekebishwa ikisainiwa, omba barua ya utambulisho itaje kichwa kamili cha utafiti, tarehe za kuanza na kumaliza, na kila wilaya utakayofika, hata ile ya Mwenge utakakojaribia zana. Barua ikitaja Ilala, wilaya ya Kariakoo, peke yake, Kinondoni, uliko Mwenge, wanaweza kukurudisha.